Mtoto wa Desemba

Fundi alikuwa juu ya ngazi, kwenye jina la tisa, alipoanza kuona kwamba mkono wake unaandika neno lilelile. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: ukuta mweupe wa akademia ya mpira, majina ya watoto ishirini na wawili waliochaguliwa mwaka ule, na mbele ya kila jina tarehe ya kuzaliwa. Mwenye klabu ndiye aliyetaka hivyo. Alikuwa mfanyabiashara wa saruji aliyeinunua klabu pamoja na madeni yake na basi lake bovu, na alipenda wageni wanaokuja kutazama wachezaji wasome umri wa mtoto kabla hawajamwona mtoto mwenyewe.

Januari. Januari. Februari. Januari. Machi. Januari tena. Fundi akashuka, akarudi nyuma hatua kumi kama kawaida yake, aone kama mistari imenyooka. Mistari ilikuwa imenyooka, lakini yeye akajikuta anahesabu miezi kwenye orodha nzima aliyopewa. Kumi na wanane walizaliwa katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka. Mmoja tu alikuwa wa Septemba. Wa Desemba hakuwepo hata wa dawa.

Mwanawe mwenyewe, ambaye mtaa mzima humwita Sindano kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyopenya kwenye mabeki, alikuwa ameachwa kwenye majaribio hayohayo kwa mara ya pili. Yeye ni wa tarehe thelathini Desemba.

"Kocha, hebu njoo uone," fundi alisema. "Hivi mnachagua mpira au mnachagua miezi?"

Kocha alikuja huku anatafuna kijiti, akautazama ukuta, akacheka kwa pua. "Ndiyo kwanza umeona leo? Sisi wenyewe tunajua. Si sheria, hakuna aliyekataza. Watoto wanapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Wa Januari na wa Desemba wanaingia kundi moja, lakini mmoja anamzidi mwenzake karibu mwaka mzima. Ukiwasimamisha pamoja, huyu ana kifua, huyu ana mbavu. Jicho langu linakwenda kwenye kifua. Na bosi anataka wa kuuzika haraka, hataki wa kusubiriwa akue."

"Na Sindano?"

"Sindano ana mguu kuliko wote hawa uliowaandika. Laiti mama yake angejikaza siku mbili tu! Angekuwa kundi la chini, tena mkubwa wao. Ningemchukua nimefumba macho."

Kocha alikuwa anatania. Alirudi uwanjani na utani wake akausahau palepale. Fundi akapanda ngazi kumalizia majina kumi na matatu yaliyobaki, na utani ule akaubeba mpaka nyumbani.

*

"Siku nne tu," alimwambia mkewe jioni ile.

Mkewe ni msusi. Alikuwa barazani anatoa nywele kwenye vitana vyake baada ya mteja wa mwisho kuondoka. "Siku nne za nini?"

"Za mtoto. Badala ya thelathini Desemba, iwe tarehe tatu Januari. Nani ataumia?"

"Mimi ndiye niliyezaa, Baba Sindano. Wewe ulikuwa juu ya ngazi zako. Nimezaa asubuhi, mama mkwe akampokea mtoto mikononi, akacheka mpaka akakohoa, na kabla jua halijazama akafa. Siku ile utaibeba uipeleke wapi?"

"Punguza sauti. Baba atasikia."

Baba, yaani babu yake Sindano, alikuwa chumba cha nyuma na redio yake. Mzee yule alikaa miaka thelathini na moja kwenye mizani ya ghala akiandika uzito wa magunia, na hakuna aliyewahi kumshawishi asogeze tarakimu hata moja, si kwa bahasha wala kwa urafiki. Kila tarehe thelathini Desemba hupiga pasi shati lake jeupe, akachukua jembe dogo na ufagio, na nyumba nzima huongozana naye kwenda kulisafisha kaburi la mkewe. Wakirudi, Sindano hununuliwa soda. Asubuhi wanamlilia bibi, mchana wanamfurahia mtoto.

Msimcheke fundi. Zamani mtaani pale huwezi kufungua hata genge la nyanya bila kumwita akuandikie jina. Ikaja mashine ya kuchapa mabango ya plastiki, inatema bango zima kabla chai haijapoa, na picha juu. Siku hizi fundi anaandika namba za nyumba, "Usikojoe hapa", na vibao vya makaburi. Akademia ilikuwa inatoa shule, kitanda, daktari, viatu na milo mitatu, na ndani ya nyumba ile mama na baba walikuwa wameshaanza kushiba maneno ili Sindano ale chakula.

"Wenzetu wanakata miaka miwili, mitatu," fundi alisema. "Mimi nasogeza siku nne tu."

Mkewe akakusanya vitana vyake kwenye mkebe. "Sitakuzuia," alisema. "Lakini mimi usinitume kusema."

*

Karani wa usajili wa vizazi hakuomba fedha. Alisema ofisi yake ina milango sita na hakuna hata mmoja ulioandikwa, watu wanaingia chooni wakidhani ni kwa mkuu. Fundi akaandika milango yote sita, kwa herufi zenye kivuli, siku mbili bila malipo. Siku ya tatu akatoka na cheti kipya: mtoto wa kiume, tarehe tatu Januari.

Sindano aliambiwa asubuhi ya majaribio, njiani.

"Ukiulizwa, umezaliwa tarehe tatu Januari."

"Lakini ni thelathini Desemba, baba."

"Tatu Januari. Ya mwaka uliofuata."

"Mbona soda yangu hununuliwa Desemba?"

"Sindano! Unataka kucheza au hutaki?"

Alicheza. Kocha aliitazama karatasi, akamtazama fundi, akaanza kutafuta kijiti chake mfukoni. Kwenye kundi la chini Sindano hakuwa tena yule wa kusukumwa kama kiti. Alifunga mabao matatu, la tatu kwa kumkalisha chini mtoto mmoja mdogo aliyevaa jezi inayomfika magotini. Jina lake likasomwa la kwanza. Fundi alipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Njiani kurudi mtoto alitembea akipiga mawe teke.

"Mbona hufurahi?"

"Yule niliyemwangusha amelia, baba. Ameachwa. Nimemuuliza amezaliwa mwezi gani."

Fundi hakutaka kujua, lakini mtoto akamwambia.

"Desemba," alisema Sindano.

*

Mambo yangeishia hapo kama si mwenye klabu kuumbuka. Mwaka uliopita alimpeleka mchezaji wa miaka kumi na mitano kwa wanunuzi, na kumbe kijana ana mke na watoto wawili. Tangu hapo aliajiri mtu wa kuzunguka mitaani na kuuliza majirani, maana karatasi zinasema lolote. Huyo walimwita Bwana Faili. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vilivyopigwa rangi, na faili lake kwapani.

Alipofika barazani, mama Sindano alikuwa na kichwa cha jirani mapajani, nusu kimesukwa, nusu bado.

"Samahani dada, sitakuchelewesha. Mtoto ulimzaa lini?"

Alikuwa amesema asitumwe kusema. Akamtazama mumewe, aliyekuwa pembeni anaosha brashi, ameinamia kopo kana kwamba amedondosha kitu ndani yake.

"Tarehe tatu," alisema. "Januari."

Kichwa cha jirani kikatulia tuli mikononi mwake. Jirani alimjua tangu ana mimba. Mama Sindano akaendelea kusuka, na msuko ule akaubana mpaka jirani akasema, "Shoga, unaniumiza."

"Na wewe mama, unakumbuka?" Bwana Faili akamgeukia jirani.

"Mie tarehe sishiki, baba," jirani alisema taratibu, anatafuta pa kupitia. "Ninachokumbuka ni kwamba alizaliwa siku aliyokufa bibi yake. Hilo mtaa mzima unalijua. Tulicheka na kulia siku moja."

Maskini, alidhani amesaidia. Uso wa Bwana Faili ukachangamka. "Ahaa! Bibi alikufa lini?"

Brashi ya fundi ikagonga kopo.

"Kaburi lina kibao?"

"Kipo," jirani alisema, sauti inazidi kupungua. "Alikiandika fundi mwenyewe."

"Basi yameisha hayo! Kesho asubuhi nitapita, mnipeleke nikaangalie. Na mzee wa nyumba awepo. Ni kuandika tu, nifunge faili." Akawaaga wote kwa mkono, hata jirani, akaenda zake.

Mama Sindano alisubiri mpaka mgongo wa mgeni upotee. "Haya," alimwambia mumewe. "Siku nne zako hizo."

*

Fundi hakungoja giza. Mtu anayeonekana makaburini usiku na kopo la rangi ni mwizi, lakini saa sita mchana ni fundi yuko kazini. Alibeba msasa, kitambaa, rangi nyeupe, rangi nyeusi, brashi mbili na uzi wa kupigia mstari.

Kibao cha bati kilikuwa pale alipokisimika miaka kumi na miwili nyuma, akiwa na macho yaliyovimba. Jina la mama. Mama mpendwa wa familia. Amefariki 30/12, na mwaka. Kila miaka miwili alikipaka upya, tarakimu zilezile.

Akapiga magoti, akaona jinsi kazi ilivyo ndogo. Kwenye thelathini unafuta sifuri, inabaki tatu. Kwenye kumi na mbili unafuta mbili, inabaki moja. Mwaka unaongezwa mmoja. Kazi ya dakika kumi. Alisugua kwa msasa, akapaka nyeupe, akasimama, akarudi nyuma. Haikupendeza. Tarakimu zilikuwa zimeegemea upande mmoja na pengo limebaki katikati. Mwingine angeacha hivyo hivyo akimbie. Lakini ufundi ukamshinda aibu. Akaufuta mstari wote, akapima kwa uzi, akauandika upya katikati kabisa, tatu yenye tumbo zuri, moja iliyosimama wima. Jamani, ulikuwa mwandiko wake bora wa mwaka ule.

Mama mmoja mtu mzima alipita na ndoo ya maji ya kumwagilia maua. Akasimama.

"Unampendezesha mama?"

"Eeh, mama."

"Hongera, baba. Wanangu wana magari, na kaburi la baba yao hawalijui liko upande gani. Mungu akujalie watoto wa kukufanyia hivihivi."

Fundi akaitikia amina. Alipokwenda kunawa kwenye bomba la langoni, rangi ilitoka mikononi upesi sana, naye akaendelea kunawa.

*

Asubuhi Bwana Faili alikuja kama alivyoahidi. Mzee aliambiwa tu kwamba klabu inataka kulijua kaburi la bibi, basi akafurahi, akavaa shati jeupe. "Watu wa adabu hawa," alimwambia mwanawe njiani. "Kumchukua mtoto mpaka uwajue waliomtangulia! Hivyo ndivyo inavyotakiwa." Alimshika Sindano mkono, na Sindano alivaa viatu vipya vya klabu, vyenye meno chini, vinavyogonga mawe kila hatua. Fundi alitembea nyuma yao. Mara tatu alifungua mdomo amwambie baba yake, na mara tatu akajidanganya kwamba Bwana Faili yuko karibu mno. Ukweli ni kwamba hakuweza. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na moja, mwenye mke na mtoto, na alikuwa anamwogopa baba yake kama aliyevunja sahani.

Walifika. Mzee akavua kofia, akasimama mbele ya kibao, midomo yake ikacheza kidogo kama afanyavyo siku zote anapomsalimia mkewe. Halafu akasoma.

Akasoma tena. Akainama, akagusa tarakimu kwa kidole. Rangi ya mafuta haikauki kwa usiku mmoja, na kidole kilirudi na weusi kwenye ncha. Mzee akakitazama, akatazama mikono ya mwanawe, akatazama viatu vya mjukuu wake. Kisha akakiingiza kidole mfukoni, upande ambao Bwana Faili hakuwa.

"Tarehe tatu Januari," Bwana Faili alisoma, anaandika. "Inalingana kabisa. Ndiyo siku aliyofariki, mzee?"

"Imeandikwa hapo," mzee alisema.

"Naona. Ila utaratibu unataka nisikie kwa kinywa cha mtu. Vibao vinaandikwa na watu."

Sindano alikuwa ameinamisha kichwa. Fundi alikuwa anatazama mbali, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Bwana Faili akanyanyua kalamu, na mzee akaitazama ncha yake.

"Tarehe tatu," alisema. "Januari."

"Na mjukuu akazaliwa siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

"Asante, mzee wangu. Pole kwa kukukumbusha machungu." Bwana Faili akafunga faili, akampa mzee mkono. Mzee akamsalimia kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi, akasema wa kulia una ganzi.

Nyumbani fundi alimfuata mpaka chumbani. "Baba, naomba nikueleze."

"Usinieleze," mzee alisema. "Nimeona kwa macho. Mwandiko mzuri." Akaongeza sauti ya redio.

Tangu siku ile hakumsemesha mwanawe isipokuwa kwa salamu na kupitishiana chumvi. Mkwewe alimsemesha kama zamani, tena kwa upole zaidi, na hilo lilimliza mama Sindano jikoni. Jirani akahamia kwa msusi mwingine. Sindano akachukuliwa na begi lake akalale akademia, na mwezi wa kumi na moja fundi akaitwa kuandika ukuta wa kundi la chini. Jina la kwanza lilikuwa la mwanawe. Alipofika kwenye tarehe aliiandika haraka, na hakushuka kurudi nyuma hatua kumi.

*

Mwisho wa mwaka akademia iliwapa watoto ruhusa. Sindano alirudi amenenepa mashavu, anakula kwa uma, anasema "samahani" kila akipita mbele ya mtu. Mama yake alimgeuzageuza kama nguo dukani, akacheka, na kwa siku mbili nyumba ikapumua.

Asubuhi ya tarehe thelathini fundi aliamka mapema. Alikuwa amejipanga. Wataenda makaburini kama kawaida, na huko, mbele ya mama, atapiga magoti amwombe baba yake msamaha. Pengine mzee ataukubali, pengine atamchapa kofi, lolote lile lilikuwa afadhali kuliko redio. Akautoa ufagio, akalitoa jembe dogo. Mkewe akavaa na kujitanda. Sindano akatoka na shati safi, akasimama mlangoni.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani, na fulana, miguu pekupeku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, tuondoke kabla jua halijawa kali."

"Tuende wapi?"

"Kwa mama."

Mzee alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu makaburini, na fundi akatamani asingemtazama.

"Mama yako yuko makaburini kufanya nini?" mzee aliuliza. "Leo ni tarehe ngapi?"

Fundi akautazama ufagio.

"Nimekuuliza tarehe. Wewe si ndiye unayeandika?"

"Thelathini, baba."

"Basi mama yako bado mzima. Amebakiza siku nne."

Mama Sindano akaketi palepale kwenye benchi lake la kusukia. Jirani alikuwa anafagia ng'ambo, na ufagio wake ukanyamaza. Sindano alitoka mlangoni, akamsogelea babu yake, viatu vya meno vikigonga sakafu.

"Babu, na mimi je?"

"Na wewe bado, mjukuu wangu," mzee alisema, akamvuta akamkalisha pembeni yake, akampapasa kichwa. "Hujazaliwa. Kaa hapa na mimi tungoje." Kisha akamgeukia mwanawe, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayemwelekeza mwenzake kazi.

"Kama una la kumwambia mama yako, siku nne zinakutosha. Mwambie sasa, kabla hajafa."

Fundi alibaki amesimama uani, jembe mkono huu na ufagio mkono huu, na mtoto wake anamtazama.